Kilo Hamsini na Sita

Nikijaza tangi Itigi mpaka juu, gari langu linafika Rungwa na kurudi Itigi mshale wa mafuta ukiwa bado kwenye robo. Lilikuwa hivyo nilipolinunua na liko hivyo leo. Katikati kuna miaka miwili ambayo halikuwa hivyo, na katika miaka hiyo baba yangu alipoteza macho. Mtu akisikia atauliza mafuta ya gari na macho ya mzee yanahusiana vipi. Ningependa sana yasihusiane.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Naishi Mandewa, mjini Singida, na nyumba ya wakwe zangu ni ya pili kutoka yetu. Baba ni mrina asali wa Rungwa. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa siku nzima: lami mpaka Itigi, halafu vumbi na msitu, na humo msituni hakuna kituo cha mafuta. Kijijini wanauza petroli kwenye chupa za maji kwa ajili ya pikipiki. Niliwahi kuitia mara moja, gari likakohoa njia nzima, nikaapa sitarudia. Kwa hiyo hesabu zangu zote zilianzia Itigi na kuishia Itigi.

Kwetu, binti akiolewa mbali, baba yake hupeleka asali kwa wakwe kila mwaka baada ya mavuno. Haikuandikwa popote na hakuna anayedai. Asali isipofika wakwe hawasemi neno, ila binti mwenyewe anajua. Tangu mama afariki, baba alilibeba jambo hili kama ibada. Aliyaosha madumu siku mbili kabla sijafika, akayaanika, akajaza, akaziba vifuniko kwa nta aliyoikanda kwa vidole vyake. Kisha aliyapakia mwenyewe. Ukimsaidia alikukodolea macho mpaka unaweka chini. Baba si mtu wa maneno, na sikumbuki hata siku moja aliyoniambia kwamba ananipenda au ananikumbuka. Ila alipokuwa akisukuma dumu la tano kwenye buti na kutafuta upenyo wa kushindilia karanga, alikuwa anapiga mluzi.

Mwaka wa tatu wa gari hilo ndipo mambo yalianza kuharibika. Mshale uliokuwa ukibaki robo ukaanza kubaki chini ya robo. Safari iliyofuata niliingia Itigi taa ya mafuta ikiwaka. Mume wangu akaniambia nilipeleke kwa fundi. Nikamjibu kwamba gari langu nalijua. Nilimjibu hivyo kwa sababu sipendi kuambiwa, na kwa sababu ni kweli nililinunua kwa mshahara wangu, na mtu akiligusa gari lile nilijisikia nimeguswa mimi.

Juni iliyofuata likazimika kabisa.

Nilikuwa narudi kutoka kwa baba, mchana, jua la saa nane, nina madumu matano, gunia la karanga, na uyoga mkavu kwenye kikapu. Taa iliwaka mapema mno, nikaanza kumbembeleza Mungu na injini kwa pamoja. Injini ikakohoa, ikatikisika, ikanyamaza. Nilikaa humo ndani vioo vimefungwa kwa sababu ya mbung'o, nikafungua kwa sababu ya joto, nikafunga tena. Waliniuma mpaka kwenye kope. Nilipata muda wa kutosha wa kutafuta mchawi, na nilimpata pale pale kwenye kioo cha ndani, nikiangalia nyuma: madumu matano ya njano yamekaa kama abiria ambao hawakulipa nauli.

Saa kumi likapita lori la mbao. Dereva alikuwa mtu mzima, mwungwana, akanyonya mafuta kwa mpira kutoka tangi la pikipiki aliyokuwa ameibeba juu ya mbao, akanitilia. Wakati anafunga kifuniko akanusa hewa.

"Mama, mbona kama kuna kitu kinaungua hapa?"

"Ni hiyo petroli uliyoinyonya," nikamwambia. "Iko mdomoni mwako."

Akacheka, akapanda lori lake, akaenda. Ningekuwa mtu wa kusikiliza, hadithi hii ingeishia hapo.

Niliporudi kwa baba likizo iliyofuata nilikuwa na sheria. Nilimsalimia, nikanywa maji, nikamwambia kabla hata sijavua viatu: kuanzia leo ni madumu mawili tu. Hakuna karanga, hakuna uyoga, hakuna kuku. Mzigo unakula mafuta. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, nikachora hata na kijiti kwenye vumbi: uzito huu, nguvu hii, mafuta haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Madumu mawili ni kilo ngapi?" akauliza.

Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano na uso wa saa, aliyoifunga kwenye boriti ya kibanda chake cha kukamulia. Kwenye mizani hiyo aliwapimia wanunuzi wa asali na nta. Tukatundika dumu moja limejaa. Nikasoma: ishirini na nane. Mawili, hamsini na sita.

"Basi ni hamsini na sita," akasema, na kuanzia siku hiyo hakuzidisha hata hindi moja la kuchoma. Mluzi nao ulikoma. Nililiona hilo, na nikalichukulia kama kununa kwa mzee, ambako kutaisha.

Siku ya kuondoka safari hiyo alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimelisogeza kidogo tu, nimelitoa kisimani nilikokwenda kuliosha na kulileta mlangoni, yapata mwendo wa kilomita moja. Baba ana tabia ya kugusa vitu. Mzinga, mti, mtoto, chochote kinachokaribia kuondoka lazima akiwekee mkono. Akazunguka gari akiligusa, akafika gurudumu la nyuma kushoto, akainama.

"Mwalimu," akaniita. Akitaka kunitania huniita hivyo, lakini safari hii hakuwa anatania. "Hili gurudumu ni la moto kuliko wenzake."

"Ni jua, baba."

"Jua linawaka pande zote. Hili ni la moto peke yake."

"Baba," nikasema, "wewe jua nyuki. Gari niachie mimi."

Naiandika sentensi hiyo hapa kwa sababu nimeibeba muda mrefu na bado haijapungua uzito. Yeye aliondoa mkono, akajifuta kwenye suruali, akasema, "Haya."

Mwaka uliofuata, Juni, shemeji yangu alikuwa anaoa. Mama mkwe alikuwa ametangaza kwa kila aliyemsalimia kwamba asali ya harusi inatoka kwa mkwe wake wa Rungwa, asali yenyewe, siyo hii ya sokoni iliyochanganywa sukari. Baba alikuwa ameahidi madumu mawili. Nilifika siku moja baada ya kufunga shule, nikamkuta amekaa mlangoni. Nilipomwambia shikamoo aliinua uso na kuitikia marahaba akiangalia pembeni yangu kidogo, kama vile nyuma yangu kulikuwa na mtu mwingine. Kuingia ndani alijigonga bega kwenye mhimili wa mlango aliousimamisha mwenyewe.

Jioni akaniambia. Alisema kwamba pembeni hakuoni. Mbele anaona, lakini pande zote mbili ni kama mtu anaangalia kupitia tundu la mzinga. Wiki iliyopita alikanyaga moto wake mwenyewe. Alisema anataka nimpeleke Singida akapimwe. Baba yangu hakuwahi kutaka kitu kwangu. Hata alipotaka chumvi aliitaja kwa mzunguko, kwamba mboga ya leo ni ya upole. Siku hiyo alisema wazi: "Nataka twende wote."

Na mimi nikaanza kupiga hesabu.

Gari lilikuwa limezidi kuwa baya. Safari ya kuja, mshale ulikuwa umeshuka chini ya nusu kabla sijaliona paa la kwanza la Rungwa. Nilimwambia baba ukweli huo. Nikamwambia tukizimikia msituni, mimi mwanamke na yeye macho hayo, itakuwaje. Kulikuwa na basi, ndiyo, lakini la kubadilisha Itigi, na peke yake asingeweza kubadilisha gari na macho yale. Kulikuwa pia na njia ya mimi kuliacha gari pale na kupanda naye basi tukiwa wawili. Njia hiyo niliifikiria baadaye, nikiwa kitandani Mandewa, ilipokuwa haina kazi tena.

Kisha akaniomba nimshike mkono mpaka kwenye kibanda. Akapapasa ndoano ya mizani, akapitishia kamba, akafanya kitanzi, akakishika kwa mikono miwili na kukunja magoti. Miguu ikaachana na ardhi. Akaning'inia pale, mzee wa watu, anazungukazunguka taratibu, kandambili moja imemdondoka.

"Soma," akasema. "Mimi namba sizioni."

Nilisogea nikasoma. Kilo hamsini na sita.

Nilicheka. Kusema kweli tulicheka wote wawili. Akashuka, akatafuta kandambili yake kwa mguu, akasema, "Kumbe mimi ni madumu mawili." Akakaa juu ya kigogo akiwaza. Nilijua anawaza nini. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema: baba, asali ibaki, panda gari. Sentensi fupi kabisa. Lakini nilimwona mama mkwe wangu na midomo yake, nikaona sherehe na ndugu wa mume wanaoulizana asali iko wapi, nikanyamaza nimngoje aamue yeye. Mtu akikusubiri uamue huku anajua utaamua nini, hajakuachia uamuzi wowote.

"Peleka asali," akasema. "Nimeshaahidi. Mimi nitakuja safari ijayo."

Nilipumua. Hilo ndilo linalonichoma kuliko mengine yote. Nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Niliingia Itigi kwa matone ya mwisho ya mafuta, na asali ikasifiwa sana. Mama mkwe aliwaonjesha wageni kwa kijiko chake mwenyewe, na mimi nilipita katikati ya viti nimenyoosha shingo. Safari ijayo ilikuwa Septemba, likizo fupi, lakini nilipangiwa kusahihisha mitihani. Kisha Desemba, lakini mvua ziliwahi na njia ya Rungwa ikawa tope la kumeza lori. Nilimpigia baba simu kila Jumapili. Nikimuuliza macho alisema yapo. Nikiuliza zaidi aliniuliza kama gari limepona.

Gari lilipona mwezi wa pili, bila mimi kukusudia. Nilisikia mkwaruzo nyuma, kwrr, kwrr, nikalipeleka kwa fundi mmoja kijana pale mjini ili auondoe mkwaruzo tu. Alilipiga jeki, akaushika mguu wa nyuma kushoto kwa mikono miwili, akajaribu kuuzungusha. Haukuzunguka. Akaweka nguvu, ukasogea kidogo ukikoroma, ukasimama.

"Mwalimu," akasema, "hii hendibreki imejam. Unaishusha lakini kule nyuma haiachii. Umekuwa ukitembea na breki imeshikwa. Wese lote unalotia linaishia hapa."

Nilimuuliza inasababishwa na nini. Akasema waya wa hendibreki umeshika kutu, na tena inaonekana mwenye gari anaivuta kwa nguvu sana. Ni kweli. Nikiegesha huwa naivuta hendibreki kama navuta mbuzi anayekataa kwenda machinjioni. Ndivyo nilivyo kwa kila kitu.

Alikuwa anafungua na kuendelea kunitajia makosa yangu, bila ubaya, kama daktari aliyezoea wagonjwa. Matairi yalikuwa na upepo mdogo. Mtu aliwahi kunishauri niupunguze nikiingia kwenye mchanga, nami nikaupunguza na nisiurudishe tena. Chujio la hewa alilikung'uta likatoa vumbi la msitu mzima wa Itigi. Na juu ya paa kulikuwa na keria niliyochomelewa ili nibebee dumu la mafuta ya akiba. Dumu lilivuja juani, nikalitoa, keria nikaiacha kwa sababu ilikuwa inalipa gari sura ya safari. Fundi akasema keria hiyo kwenye lami inakamata upepo kutwa nzima bila kazi. Akauliza kama huwa nakanyaga mafuta kwa hasira.

"Na mzigo?" nikauliza. "Huwa nabeba mzigo."

"Kilo ngapi?"

"Hamsini na sita. Zamani ilikuwa zaidi ya mara mbili yake."

Kijana akaniangalia aone kama namtania. "Mwalimu, hamsini na sita ni abiria mmoja. Gari hili limetengenezwa kubeba watano. Huyo abiria wako anaongeza mafuta kidogo tu, hata mshale hautamjua."

Niliondoka pale nikaenda kukaa chini ya ukuta wa jirani yake, mahali pa kivuli, nikajifanya napiga simu.

Nilimfuata baba mara njia ilipokauka, sikungoja likizo. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya siku nne, na nikamwambia sababu bila kuipamba. Gari lilikwenda kama lilivyokuwa zamani, jepesi, ukiondoa mguu linateleza lenyewe. Nilikuwa naangalia mshale badala ya barabara. Kila ulipokataa kushuka moyo wangu ulishuka badala yake. Nilifika Rungwa mafuta yakiwa yamezidi nusu. Sijawahi kuyachukia mafuta kama siku ile.

Baba alipanda mbele. Alikuwa haoni tena ila mwanga, na mwanga wenyewe ni wa jicho la kulia. Hospitali walisema ni presha ya macho. Daktari alikuwa mama wa makamo, akaeleza kwa upole kwamba ugonjwa huu unakula pembeni kwanza na kuja kati, na kwamba kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone ingelinda mwanga uliobaki. Nilimuuliza, nje, mlango umefungwa, ingekuwaje kama mgonjwa angekuja Juni iliyopita. Akasema asingependa kukisia. Nikamwambia akisie. Akasema, "Angekuwa anaona, mama. Siyo yote, lakini angekuwa anaona."

Baba alikaa kwangu mwezi mmoja kisha akaomba kurudi kwa nyuki wake. Sasa anawajua kwa sauti, na mpwa wangu mmoja mtu mzima anapanda mitini badala yake. Hajawahi kunilaumu. Kwa wageni anasimulia kwamba mwaka wa harusi alimpisha asali kiti, na asali ikamletea heshima binti yake, na anasimulia kwa kujivuna. Nimekaa kwenye mkeka nikiisikia hadithi hiyo mara tatu. Mara zote tatu sikumwambia kwamba kiti kilikuwepo cha wote, yeye na asali na karanga na hata kuku.

Juni iliyopita nilikwenda tena. Asubuhi ya kuondoka nililileta gari kutoka kisimani mpaka mlangoni, kama zamani, naye akatoka kwa kupapasa ukuta. Akalizunguka. Akaweka kiganja kwenye gurudumu la mbele kulia, la mbele kushoto, la nyuma kulia. Alipofika la nyuma kushoto akachuchumaa, akaliwekea mikono yote miwili, akakaa hivyo muda mrefu. Nilisimama nyuma yake nimeshika funguo.

"Limepoa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mwaka ule lilikuwa la moto."

"Ndiyo, baba. Ndilo lililokuwa linakula mafuta." Nikasogea hatua moja. "Siyo mzigo. Haikuwa mzigo."

Hakugeuka. Viganja vyake vilibaki kwenye chuma kile. Nilimwona anapiga hesabu, taratibu, kama mtu asiyekwenda shule anavyopiga, hatua moja baada ya nyingine, na nikajua amefika mwisho wa hesabu kwa sababu mabega yalishuka. Kisha akainuka kwa kujishika kwenye bodi, akajifuta mikono kwenye suruali.

Madumu yalikuwa yamepangwa ukutani, matano, yameoshwa na kuzibwa kwa nta. Akayaendea, akaligusa la kwanza.

"Ngapi?" akaniuliza. "Mawili?"

"Weka yote, baba. Weka na karanga. Weka unavyotaka."

Alibeba la kwanza, akapapasa buti, akaliweka. Akarudi akabeba la pili, akaliweka kando ya lile. Akalikaza lisicheze njiani, matatu akayaacha ukutani, akashusha mlango wa buti, akaubonyeza mpaka ukalia, akaniambia niende salama.